Mpagazi Hafungui Mzigo

Mimi ni mtu wa Ng'ambo. Nisikupoteze: sina maana ya ng'ambo ile ya watu wanaoshuka uwanja wa ndege na masanduku ya magurudumu. Ni Ng'ambo ya Tabora, mjini kabisa, mahali ambapo ukitupa jiwe likikosa mwembe litampata mwendesha bodaboda. Neno lenyewe maana yake ni upande wa pili. Upande wa pili wa nini? Hapo inategemea umesimama wapi. Mtu wa ng'ambo huitwa hivyo na yule aliyesimama upande mwingine. Yeye mwenyewe akiwa kwao hayuko ng'ambo ya mtu.

Nimeanza na neno hilo makusudi, kwa sababu nataka tuzungumze juu ya watu wa njiani, wale ambao safari za wengine hupita mlangoni kwao. Swali langu ni hili: mzigo wa mtu ukipita kwako, wewe una haki gani juu ya mzigo huo? Na je, una wajibu wowote?

Mjomba wangu analima wilaya ya Nzega. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lile la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, limekatisha kwenye shamba lake. Siyo shamba zima, ni ukanda tu wa mita 30. Alipimiwa, akahesabiwa mihogo na miembe, akalipwa. Juu ya hesabu hiyo mimi sina kesi na mtu, na yeye hana. Akaezeka bati, akanunua ng'ombe wawili. Siku ya kutia saini aliniita niende kumsomea karatasi, maana mimi ndiye "msomi" wa ukoo. Nikaenda, nikasoma mstari kwa mstari. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza swali moja tu.

"Mjomba, hayo mafuta ni ya nani, na yanakwenda kufanya nini?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mjomba, we weka dole gumba. Ukishalipwa, hayo mengine siyo yetu."

Akaweka. Nikarudi Tabora na basi la jioni, na tangu siku ile kicheko changu mwenyewe hakijanitoka masikioni. Mzee aliuliza swali la maana, na aliyemnyamazisha hakuwa mgeni wala bosi. Alikuwa mimi, mpwa wake, niliyesomeshwa kwa tumbaku yake.

Basi, kabla ya kutafakari, tukijue kitu chenyewe. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Hoima ni mazito, yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli asubuhi ya kipupwe, au kama asali yetu ya Tabora ikikaa sana kwenye chupa. Ndiyo maana bomba limebuniwa lifukiwe ardhini na kupashwa joto kwa umeme, mafuta yabaki kwenye nyuzi joto 50 hivi safari nzima. Vipande vya bomba vyenye kipenyo cha inchi 24 vilipangwa kuvishwa koti la kuzuia joto lisipotee, na kiwanda cha kazi hiyo kikajengwa hapa hapa kwetu, Sojo, wilaya ya Nzega. Kilizinduliwa mwaka 2024.

Lakini moyo wa mradi hauko Hoima wala Nzega. Uko baharini. Pale Chongoleani, ambapo Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi Agosti 2017, ndipo penye bandari ya mafuta: matangi manne, kila moja la mapipa 500,000, na gati refu la kilomita kama mbili linaloingia baharini mpaka kwenye kina kinachofaa meli kubwa. Sasa piga hesabu kidogo. Bomba limebuniwa kusukuma mpaka mapipa 246,000 kwa siku. Matangi yote manne yakijaa ni mapipa milioni mbili, yaani mafuta ya siku nane hivi. Meli ikichelewa zaidi ya hapo, matangi hayana pa kupokea, na huko nyuma kilomita elfu na mia nne na ushei lazima wapunguze kusukuma. Kumbe mlango wa baharini ndio unaoamua mwendo wa kila kitu kilicho nyuma yake. Meli isiyoonekana ndiyo inayopiga ngoma, na sisi wa bara tunaicheza bila kuisikia.

Nasema hivi si kwa kubeza. Bandari za mafuta za ukanda wetu zimebadilika, na mabadiliko yenyewe si mchezo. Mombasa, gati la zamani la Kipevu la mwaka 1963 lilikuwa likihudumia meli moja kwa wakati, nyingine zinangoja. Gati jipya lililozinduliwa mwaka 2022 limesimama majini peke yake kama kisiwa, linapokea meli nne kwa pamoja, na mafuta hupita kwenye mabomba yaliyolazwa chini ya bahari. Dar es Salaam, mbali na gati la Kurasini, kuna boya la Mjimwema, Kigamboni. Meli kubwa hufungwa kwenye boya huko huko baharini, ikashusha kwa bomba, ikaondoka bila hata ubavu wake kugusa nchi. Na mwaka 2024 Mamlaka ya Bandari ilianza kujenga Kigamboni matangi 15 ya kupokelea mafuta mahali pamoja. Petroli ninayojaziwa kwenye bodaboda hapa Ng'ambo nayo ilishuka melini huko pwani, ikapandishwa bara. Kwa hiyo msinione mtakatifu. Mimi nimo humo humo kwenye mzigo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana huku kwetu habari ya mizigo inayopita haikuanza na mafuta.

Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba mzee mmoja wa ukoo wetu alikwenda Pwani mara tatu, kichwani kabeba pembe. Wanyamwezi ndio walikuwa wapagazi wa njia ile. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, waliikuta njia imeshazoeleka: kirangozi mbele, msururu nyuma, kila mtu na mzigo wa frasila kama mbili. Kijana asiyewahi kuiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Sisi wengine tunajivunia jambo hilo mpaka leo, na tuna haki. Lakini nilipomuuliza bibi, "Bibi, na wale waliofungwa minyororo je, si walipita njia hiyo hiyo?" alinyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, mpagazi hafungui mzigo."

Nilikuwa mdogo, nikadhani ananifundisha uaminifu: kwamba mtu mwema hapekui mali ya wenzake. Siku hizi nasikia kitu kingine ndani ya maneno yale. Nasikia mtu anayejitetea.

Njiani kulikuwa na desturi ya hongo. Leo ukitamka neno hili kila mtu anageuka kuangalia kama kuna askari. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa halali. Msafara ukifika kwenye nchi ya mtemi, ulisimama. Hauingii tu kama ng'ombe wasio na mchungaji. Mlitoa doti za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Mkajadiliana siku nzima, pengine siku tatu. Ndipo mkaruhusiwa kupita na kuteka maji. Ugogo ndiko wasafiri walikolalamika zaidi, maana maji yalikuwa machache na watemi walijua thamani yake. Na mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, vita kati yake na Waarabu wa Unyanyembe viliendelea miaka kadhaa. Vita vya nini? Vilikuwa na mengi ndani yake, lakini mojawapo kubwa lilikuwa hili hili: nani mwenye njia, na anayepita anadaiwa nini.

Imekuwaje basi neno la ushuru likawa neno la rushwa? Wataalamu wa lugha watatoa maelezo yao. Mimi nina mawazo yangu ya kijiweni. Hebu fikiri: mtemi amekaa kwenye kigoda, msafara umesimama mbele yake. Umo meno ya tembo. Wamo pia watu wenye kongwa shingoni. Mtemi anazihesabu doti zake, anaridhika, anasema piteni. Pale pale, ndani ya kitendo kimoja, ushuru umegeuka rushwa. Hajachukua hata doti moja zaidi ya ile iliyopatanwa. Kosa lake ni kwamba malipo yale yamelinunua na swali lake. Alikuwa na mamlaka ya kuuliza "mmebeba nini, na mnawapeleka wapi hawa?" naye akayabadilisha kwa kitambaa.

Hapo ndipo nilipojitambua. Mjomba alikuwa na swali mdomoni. Mimi nikamwambia malipo yamekwisha kulifuta. Kwa maneno mengine nilimwambia: hiyo fidia ni hongo, tena hongo kwa maana ya leo. Waliomlipa hawakumwambia hivyo, na karatasi nilizosoma hazikusema hivyo. Ni mimi niliyeigeuza.

Kuna majibu mawili ambayo huwa tunapewa kuhusu haki ya mtu wa njiani, na yote mawili yana ukweli ndani yake.

Jibu la kwanza: haki yake ni fidia. Ardhi imechukuliwa, mazao yamekatwa, alipwe bei ya haki, mambo yaishe. Tanzania peke yake watu zaidi ya 9,000 waliingizwa kwenye hesabu ya bomba hili, na nyumba zaidi ya 300 zilijengwa upya kwa waliozipoteza. Hilo si jambo dogo, na atakayesema fidia haina maana huyo hajawahi kukaa nyumba inayovuja. Lakini fidia hujibu swali la "umepoteza nini?" tu. Haigusi swali la "umeshiriki nini?" Mzigo utapita miaka na miaka, mtu anahesabiwa mara moja. Joto la mafuta lina mtu wa kuliangalia usiku na mchana, kwamba lisishuke. Sisemi mjomba awekewe mtambo wa kumpima. Nasema tofauti hiyo tuione.

Jibu la pili: mwenye njia ni taifa. Kwa sheria yetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na katika kampuni ya bomba shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa asilimia 15, sawa na wenzetu wa Uganda. Kampuni ya Ufaransa ina 62, ya China ina 8. Kwa hiyo mimi na wewe tumo, kodi itapatikana, itajenga zahanati. Sawa. Nalikubali jibu hili, ila lina kamtego kake. Likitumika vibaya linasema: taifa limeshauliza kwa niaba yako, wewe nyamaza. Na mtu akinyamaza kwa muda mrefu anasahau kwamba taifa ni yeye.

Kwamba taifa linaweza kuuliza vizuri, ushahidi tunao. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa kibaguzi, Zambia ilibanwa, mafuta yake yakakatika. Tanzania na Zambia zikajenga bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likaanza kazi 1968. Wakati ule mtu wa njiani alijua kilichomo ndani ya bomba, kinakwenda kwa nani, na kwa nini. Mzigo ulikuwa umefunguliwa hadharani. Ilikuwa mafuta, ndiyo, lakini ilikuwa pia jibu.

Sasa mzigo wa leo umebeba nini? Umebeba matumaini ya Uganda, ambayo mafuta yake yaligunduliwa mwaka 2006 na haina bahari. Umebeba ajira, na moshi pia. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio Septemba 2022 kuupinga mradi, likitaja haki za watu na hali ya hewa. Kampala wakajibu kwa ukali kwamba huo ni ukoloni, mbona nyie mmejenga miji yenu kwa mafuta? Nilisoma pande zote mbili. Kila upande una kipande cha kweli, na kila upande ulizungumza juu ya kichwa cha mjomba wangu. Ambaye, kumbuka, alikuwa ameshauliza swali hilo hilo kwa maneno machache kuliko yao.

Nina mshkaji wangu fundi wa kuchomelea vyuma, alipata kibarua kwenye mradi. Nilimweleza mawazo haya tukinywa chai. Akanitazama kama mtu anayeangalia redio mbovu. "We bwana, swali haliliwi," akasema. "Mimi nimepeleka wadogo zangu shule kwa hilo bomba. Wewe umepeleka nani kwa maswali?"

Nilikosa jibu. Hata sasa sina jibu la kumshinda, na sitaki kujifanya ninalo. Mtu mwenye njaa akipewa mzigo abebe, atabeba, na asiye na njaa hana ruhusa ya kumcheka. Wazee wetu walibeba pembe kwa sababu kulikuwa na ujira, na ujira ule ulirudi nyumbani ukawa ng'ombe, ukawa mahari. Ila nilimwambia jambo moja. Nikamkumbusha Morogoro.

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu wakakimbilia na madumu. Moto ukawaka. Waliokufa walipita mia moja. Nchi nzima ililia, na baada ya kulia wengi tukawalaumu: tamaa, ujinga, na mengine ya namna hiyo. Wenzetu wa Nairobi walipata msiba kama huo Septemba 2011, mtaa wa Sinai, bomba lilipovuja katikati ya vibanda. Tafakari, ndugu yangu. Mafuta yanapita kila siku mbele ya macho ya watu, mali ya wengine, safari ya wengine. Siku moja yanamwagika. Sehemu pekee ya mzigo iliyowahi kuwafikia mikononi ni ile iliyomwagika, na hiyo ndiyo iliyowaua. Mtu aliyezoea kwamba mzigo haumhusu hafundishwi hata hatari yake.

Mshkaji akakaa kimya, kisha akasema, "Ndiyo maana bomba ni bora kuliko lori." Na hapo alinipata vizuri. Ni kweli. Bomba lililofukiwa, gati lililo mbali na makazi, boya baharini, yote hayo yanapunguza msiba. Usasa huo nauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini angalia unakwenda na nini. Mpagazi alisimama kijijini, akaomba maji, akasalimia "mwangaluka". Treni ilipofika Tabora mwaka 1912 nayo ilikuwa na stesheni, watu wakauza ndizi na kuulizana habari. Lori husimama kwa mama ntilie. Bomba halisimami, na meli inayopakia kilomita mbili kutoka ufukweni haibishi hodi kwa mtu. Kila hatua ya maendeleo imeondoa mahali pa kusimama, na mahali pa kusimama ndipo palipokuwa mahali pa kuuliza. Zamani mzigo ulituona na kutupita. Sasa unatupita bila kutuona, nasi hatuuoni.

Simaanishi turudishe kigoda cha mtemi kwenye kila kijiji, watu watoe doti. Ninachosema ni kwamba swali lililokuwa likiulizwa njiani, kwa kuwa mzigo ulikuwa lazima usimame, sasa litaulizwa kwa hiari au halitaulizwa kabisa. Haki ya mtu wa njiani siyo fungu la mzigo tu. Ni kuuliza kilichomo, cha nani, kinakwenda wapi, na kikifika huko kitafanya nini. Haki hiyo hailipiki. Ukiilipa inakufa. Na kwa kuwa hailipiki, ni wajibu pia: anayeweza kuuliza akinyamaza, ameshasaidia kubeba.

Vijana wenzangu mnaoandika, najua tunapenda kuandika mapenzi na Dar es Salaam. Andikeni, hata mimi naandika. Lakini bomba linapita chini ya mahindi ya mjomba wa mtu, na gati linaingia baharini mbele ya ngalawa za wavuvi wa Chongoleani. Kama hakuna tena stesheni ya kuuliza, basi ukurasa uwe stesheni.

Nilirudi Nzega mwezi uliopita. Nilikwenda bila karatasi safari hii. Tulikaa chini ya mwembe uliosalia, nikamwambia, "Mjomba, siku ile uliniuliza swali nikakucheka. Naomba uniulize tena."

Akanitazama muda mrefu. "Kwani umepata jibu?"

"Kidogo," nikasema. "Na mengine sijui."

"Haya," akasema, akasogeza kigoda chake karibu. "Anza na unayoyajua."

Nikamweleza ya Hoima na ya nta, matangi manne, hisa za nani ni ngapi, ubishi wa Ulaya. Alikatiza mara nyingi. Jua lilipozama bado alikuwa na maswali, na jirani zake wawili walikuwa wameshavuta viti.